Kipanga ni nani?

Haya, leo nina ugomvi kidogo na vipanga wa kompyuta.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria warsha ya mitandao, mwandishi wa habari peke yangu kati ya mafundi. Mkufunzi akasema, "Ipigeni ping hiyo seva." Nikanyoosha mkono: ping ni nini? Chumba kizima kikacheka. Mkufunzi naye akacheka, akaendelea na somo. Dada aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Afadhali umeuliza wewe, hata mimi sijui." Yeye hakunyoosha mkono siku nzima.

Nikaenda kujisomea. Ping ni kiprogramu alichoandika Mmarekani Mike Muuss, Desemba 1983, akiwa kwenye maabara ya jeshi kule Maryland. Mtandao ulikuwa unamsumbua, akataka kujua kama kompyuta ya upande wa pili inafikika. Jina alilitoa kwenye mlio wa sona, ile mitambo ya nyambizi: unatuma sauti, inagonga kitu, unasubiri mwangwi. Basi. Ni hodi tu hiyo, jamani! Unabisha, ukisikia "karibu" unajua kuna mtu ndani. Kunieleza hivyo kungemgharimu nini?

Na wazee wa fani hii wala hawakuwa na makuu. Aprili 1, 1990, siku ya wajinga, David Waitzman alitoa waraka namba 1149 katika mfululizo ule ule wa nyaraka za kanuni za intaneti, akieleza namna ya kusafirisha data kwa njiwa. Utani mtupu. Mwaka 2001 huko Bergen, Norway, vipanga wa Linux wakaufanya kweli. Wakafunga karatasi miguuni mwa njiwa, wakapiga ping. Vifurushi 9 vilitumwa, majibu yakarudi 4, na lililowahi kuliko yote lilichukua zaidi ya dakika 50. (Kuna siku modemu yangu iliwaonea wivu njiwa hao.)

Hao ndio vipanga ninaowavulia kofia. Wanacheza, na wanakuita ucheze nao. Hawa wetu wanayashika maneno kama funguo za chumba chao. Aliyezaliwa na Kiingereza akiyasikia anasikia kifurushi, lango, kupeana mikono. Sisi tunasikia mazingaombwe, na fundi anapenda tuendelee kusikia hivyo hivyo.

Siku ya pili ya warsha yule dada hakuja. Kiti chake tukawekea mabegi.