Upepo, Milima na Kifua cha Mtoto



Ukimwuliza mama wa Same mjini kwa nini mtoto wake anakohoa, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: vumbi. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Mwezi huu tuitazame hewa tunayoivuta, maana kila msimu una hila yake, na mama anayeijua mapema huweza kuilinda nyumba yake.

Mji wetu umekaa chini ya Milima ya Upare ya Kusini, upande wa kaskazini-magharibi. Kilele cha Shengena kina mita 2,462. Pepo za kusi hutoka Bahari ya Hindi zikiwa na unyevu. Zikikutana na milima hupanda, hupoa, na kumwaga maji yake huko juu na upande wa mashariki. Ndiyo maana msitu wa Chome hufunikwa na ukungu, nasi huku chini tunapokea upepo uliokwisha kukauka. Kaskazi nayo, kuanzia Desemba hadi Machi, hutufikia ikipita juu ya nyika kavu za Tsavo na Mkomazi. Basi mvua yetu ni haba, majani ni machache, na ardhi iliyo tupu hupeperuka kirahisi.

Wakati wa kiangazi vumbi huonekana kwa macho. Linatimuliwa na upepo, na mifugo, na magari katika barabara za mitaani. Masika ikija, vumbi hutulia. Lakini mbona zahanati haziishiwi na watoto wenye kikohozi? Ni kwa sababu mvua imetufukuza uani. Tumeingiza mafiga ndani, kuni zimelowa, na mlango tumeufunga.

Kisha huja kipupwe, Juni hadi Agosti. Usiku hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka kutoka milimani na kutuama bondeni kama maji katika beseni. Hewa yenye joto zaidi hukaa juu yake kama kifuniko. Takataka zikichomwa jioni, moshi wake haupandi. Hulala pamoja nasi mpaka jua lipate nguvu. Ndugu zetu wa milimani wasitucheke. Hewa yao ya nje ni safi, lakini baridi huwafanya wakae na moto ndani, madirisha yamefungwa.

Chembe kubwa za vumbi nyingi hunaswa puani. Chembe za moshi ni ndogo mno; unywele mmoja wa kichwa ni mnene mara 30 hivi kuliko chembe hizo. Hufika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5.

Tufanye nini? Kwanza, tusipike huku mtoto yuko mgongoni. Akae na dada yake mbali na moshi. Pili, tukaushe kuni kiangazi na kuziweka chini ya paa kabla ya masika. Tatu, tusichome takataka jioni, na plastiki tusiichome kamwe. Nne, kabla ya kufagia uwanja tunyunyize maji yaliyofulia nguo, kwani maji safi kwetu ni adimu. Tano, tuzungumze na baba wa nyumba juu ya dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Fedha za viti vya sebuleni hupatikana mapema, na jiko husubiri miaka. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mwenye uwezo wa mtungi wa gesi na aanze, hata kama ni kwa chai na uji tu.

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili akiwa ametulia. Ni hatari zikifika 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2. 50 kwa wa miezi 2 hadi 11. Na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Pia tazama kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au kama anashindwa kunyonya. Ukiona mojawapo ya dalili hizo, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Usiseme ni vumbi tu, wala usingoje upepo ugeuke.

Mungu akipenda, tukutane tena mwezi ujao.