Vidonge vya wasiwasi viuzwe pamoja na maelezo yake

Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, inaunganisha mpaka wa Kongo na ule wa Sudan Kusini. Wanaoitegemea wanaijua hofu. Mapigano yalipozuka Sudan Kusini Julai 2016, wakimbizi wengi waliingilia Oraba. Aliyewahi kupoteza mali hakosi sababu ya kukosa usingizi.

Kutafuta dawa si aibu. Hatari ni kuimeza bila kuelezwa. Diazepamu, ambayo wengi huijua kama Valium, huweza kuleta usingizi, ukungu machoni, hata kuona kitu kimoja kama viwili. Amitriptilini hupanua mboni, na maandishi ya karibu yakawa shida kusomeka. Dereva wa lori akiwa katika hali hiyo huhatarisha maisha. Mwenye duka hukosea kuhesabu noti.

Jicho likiuma ghafla, likawa jekundu na uoni ukafifia, mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ni presha ya macho. Aliyezoea diazepamu asiiache ghafla, maana anaweza kupata degedege. Amwone daktari ampunguzie polepole.

Uganda, Kongo na Sudan Kusini zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mamlaka zao za dawa zihakikishe vidonge hivi vinauzwa kwa cheti cha daktari tu, na karatasi ya maelezo iandikwe pia kwa Kiswahili, ambacho mfanyabiashara wa mpakani anakielewa.