Jani na Kivuko

Nenda Mikindani ya Mombasa, upande wa Changamwe, maji yakiwa yamekupwa na jua la saa nane likichoma, uchume jani la mchu, aina ya mkoko, uliguse kwa ulimi. Chumvi tupu. Mti huu huishi kwa kuitema: tezi ndogondogo za majani huisukuma nje usiku na mchana, na kazi hiyo hula nishati. Ajabu ni kwamba seli za tezi hizo hazina kloroplasti. Haziwezi kutumia jua kujilisha. Zimejaa mitokondria, na chakula chao huletwa na majirani.

Swali la darasani, nishati hutengenezwa wapi, tumeliacha katika toleo hili. Sisi twauliza inavukaje. Mtu wa Likoni hahitaji kuelezwa sana: kazi iko ng'ambo, nyumba iko huku, na siku nzima huamuliwa na feri.

Ndani ya seli, nishati hubebwa na molekuli iitwayo ATP. Kloroplasti huiunda kwa wingi mchana, nawe ungedhani huimwaga nje. La. Sehemu kubwa huitumia humo humo kuunda sukari fupi yenye kaboni tatu, na sukari hiyo ndiyo ivukayo utando, kwa kubadilishana na fosfeti. Fosfeti isipoingia, sukari haitoki. Mitokondria nayo, ikishapokea mabaki ya sukari hiyo na kuyachoma, ina mlango wake: ATP moja ikitoka, ADP moja, yaani ATP iliyokwisha kutumika, iingie. Hapa mfano wangu wa feri wachechemea, kwani feri yaweza kurudi tupu.

Mwaka 1969 Hans Heldt alieleza kuwa kloroplasti za spinachi zina mlango wa kuingiza ATP. Wengi tulidhani basi jani lote huutumia. Mwaka 2018 watafiti wa Hong Kong, kwa protini ing'aayo kulingana na kiasi cha ATP, waliona kuwa kloroplasti changa za mmea wa Arabidopsis huiingiza, ilhali zilizokomaa karibu haziingizi kabisa. Mlango kuwapo si hoja ya kuwa watu wapita.

Kwa kuwa twauliza inavukaje, si inatengenezwa wapi, maneno "kiwanda cha nishati" nimeyafuta kila nilipoyakuta katika toleo hili, na waandishi wawili wamenuna. Makala ya kwanza yaanzia mizizini, gizani, ambako plastidi, ndugu za kloroplasti, hazioni jua na hungoja ATP iletwe kutoka nje ndipo ziunde wanga.