Mbwa wa Kulinda Geti, Kempu Unampelekea Nini?

Wadau, kuna kamtindo kameingia. Mastaa wetu waliohamia kwenye mijengo yao Kibaha, wikiendi wanapakia mahema, nyama ya kuchoma na mbwa, wanakwenda kulala msituni Pugu-Kazimzumbwi, Kisarawe. Picha kali, sina wivu.

Ila tuambiane ukweli. Mbwa wa kulinda geti amezoeshwa kitu kimoja: mgeni ni adui. Mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa. Sasa unamwachia msituni, ambako kila mtu ni mgeni kwake, watoto wa Kisarawe wakiwemo. Unategemea nini?

Halafu ile ni hifadhi, iko chini ya TFS. Mle kuna sange, vijinyama vyenye pua ndefu ambavyo huvikuti kila mahali. Mbwa hajui hifadhi, anajua kukimbiza.

Na kichaa cha mbwa hakijui ustaa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu mbio hospitali akachomwe chanjo.

Sisemi mbwa asitoke. Waulize kwanza maofisa wa hifadhi kama anaruhusiwa, awe amechanjwa, na mnyororo usitoke mkononi. Jirani wa hema la pili akikwambia yeye anaswali pale, hataki mate ya mbwa, msogeze bila kununa.

Hayo yakikushinda, mwache nyumbani, posti picha yako peke yako. Mnasemaje, wadau?