Ada ya shindano la filamu na gunia la mahindi

Kijana akikuomba uuze gunia la mahindi ili alipe ada ya shindano la kuandika miswada ya filamu huko Marekani, piga hesabu kama unavyopiga kwa mbegu na mbolea.

Tuchukue shindano la Nicholl, lililoanza 1986 chini ya taasisi inayotoa tuzo za Oscar. Kwa miaka mingi washindi hawakuzidi watano, kila mmoja akipata dola 35,000 kwa mafungu, kwa sharti la kuandika mswada mwingine. Mwaka 2013 iliingia miswada zaidi ya 7,000. Hapo ni mshindi mmoja katika kila miswada 1,400 na ushee. Na Kiingereza chake kiwe safi.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, si hizo fedha. Ni kusomwa. Mawakala na watayarishaji hutafuta miswada iliyofika hatua za mwisho, ambayo vinginevyo wasingeifungua. Mike Rich, mtangazaji wa redio mjini Portland, alishinda 1998. Mswada wake, Finding Forrester, ukawa filamu mwaka 2000. Si kila mshindi alifika huko.

Shindano lenyewe halinunui mswada. Ni kama cheti cha Nane Nane: hakinunui ng'ombe wako, ila watu watauliza zizi liko wapi.

Kwa mashindano madogo, kijana aulize kwanza nani anasoma miswada na washindi wa nyuma wamefika wapi. Asipojibiwa, mimi ningeliacha gunia ghalani.