Bogoro: kumwachia Mungu kisasi si kunyamaza

Kila mara damu inapomwagika huko Djugu, swali moja linarudi mlangoni pa kanisa: tutangoja mpaka lini? Vijana wanaouliza hivyo si watu wabaya. Wamezika ndugu zao.

Tukumbuke Bogoro, karibu na Bunia. Tarehe 24 Februari 2003 wapiganaji waliingia kijijini asubuhi na mapema, wakaua kwa bunduki na mapanga. Mwaka wa 2014 majaji wa La Haye walimhukumu Germain Katanga miaka 12 ya gereza. Mwaka wa 2017 waliamua kila mmoja wa wahanga 297 apewe dola 250, pamoja na misaada ya wote kwa jumla. Miaka 14 ya kungoja, kwa bei ya mbuzi wachache! Haki hiyo ni ndogo, tusidanganyane.

Lakini kisasi kimetuletea nini? Katika Ituri kila anayelipiza anasema mwenzake ndiye aliyeanza, na wanaokufa ni wasio na silaha, kama wale wakimbizi wa kambi ya Plaine Savo, Februari 2022.

Katika Warumi 12 Paulo anatuambia tumwachie Mungu kisasi. Mistari michache mbele, sura ya 13, anataja mtawala anayemwadhibu mwovu. Wengi tunasoma ya kwanza, kisha tunafunga Biblia. Kumbe kuna watu wa Bogoro waliosimama mbele ya majaji, wakasema walichokiona.

Ushuhuda unahitaji majina, tarehe, mahali. Je, wazee wa kanisa lako wanayo daftari hiyo?