Mabwawa manne, bonde moja

Mwaka 2025 mtambo wa tisa na wa mwisho wa Bwawa la Julius Nyerere uliingia kazini, zikatimia megawati 2,115. Wenye viwanda wamepumua, na wana haki. Lakini mfanyabiashara makini haangalii wingi wa mzigo tu, huuliza pia umetoka ghala gani.

Kidatu (megawati 204, mwaka 1975), Mtera (80, mwaka 1988), Kihansi (180, mwaka 2000) na hilo bwawa jipya, yote yanategemea maji ya bonde la Rufiji. Mtera lilijengwa hasa kuitunzia Kidatu maji, hivyo likipungua la juu, la chini nalo hoi.

Hasara ya kutegemea mvua tunaijua. Mgawo wa umeme ulitukumba mwaka 1992 na tena 1994. Mnunuzi aliye gizani hana ubavu wa kupatana bei. Mwaka 1995 ukasainiwa mkataba wa miaka 20 na IPTL, mtambo wa megawati 100 wa mafuta mazito pale Tegeta. Ukazuka mgogoro wa gharama uliofika kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mtambo ukaanza kuuza umeme mwaka 2002. Ukame uliotutia haraka ulikuwa umeshapita. Yakabaki malipo ya kila mwezi, umeme utumike usitumike. Mwaka 2006 ukame ukarudi, nasi tukarudi kukodi mitambo ya dharura!

Gesi ya Songo Songo, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2004, imetuokoa kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo maji ya Rufiji yana wateja wengine. Tangu 1993 Ruaha Mkuu, tawi la Rufiji, umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, sababu mojawapo ikiwa kilimo cha mpunga cha umwagiliaji huko Usangu. Kumfukuza mkulima si jibu. Naye yuko sokoni kama sisi, na wali wake tunaula.

Nionavyo mimi, TANESCO inunue sasa umeme usiotegemea mto. Upepo wa Singida na jotoardhi ya Mbeya vimezungumzwa miaka mingi, na muuzaji wa mitambo humpa bei nzuri mteja asiye na haraka. Zabuni hizo zitangazwe Mtera likiwa limejaa, si wiki ambayo ratiba ya mgawo imebandikwa ukutani.